Nani wa asili katika Mlima Kenya? Ameru, Waembu na neno lisilotulia

Septemba 13, 2007, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili. Nchi 144 ziliunga mkono, nne zikapinga, na 11 zikakaa katikati bila kuegemea upande wowote. Kenya ilikuwa miongoni mwa hizo 11. Miaka mitatu baadaye tukapitisha Katiba mpya, na humo neno lile lile la ‘asili’ likaingia kwa milango miwili tofauti. Kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kuendeleza lugha za kiasili, na hapo hakuna ubishi kwamba Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka zimo. Lakini ukiteremka hadi Kifungu cha 260, panapofafanuliwa maana ya jamii zilizotengwa, utakuta kuwa jamii ya kiasili ni ile iliyodumisha maisha ya jadi ya kuwinda au kukusanya chakula mwituni.

Kwa hiyo mtu wa Meru au wa Embu akifungua kinywa, lugha yake ni ya kiasili; akinyamaza, yeye mwenyewe si wa asili! Wanafunzi wangu hucheka ninapowaeleza hivi, kisha hakosi mmoja wa kuuliza: “Profesa, basi sisi ni kina nani hapa mlimani?”

Swali hilo si la darasani tu. Ndilo huamua nani atahesabiwa kivyake na nani ataingizwa chini ya jina la jirani, nani atapata kipande cha ardhi na nani atafukuzwa, nani atasimama mbele ya kamera na kusema “sisi”. Nitajaribu kulijibu kwa historia, na kwa kuwa hii ni safu ya lugha, historia hiyo nitaipitisha kwenye maneno.

Tuanze na masimulizi ya wenyewe. Ameru (nasema Ameru, kwa kiambishi chao, ili msomaji asiwachanganye na Wameru wa kule Arusha, Tanzania) hawadai kwamba walichipuka mlimani kama uyoga. Wao husema walikuja. Walikuwa wakiishi mahali panapoitwa Mbwaa, kando ya maji makuu, chini ya mabwana waliowaita Nguo Ntune. Mabwana hao wakawatwika kazi zisizowezekana ili wapate sababu ya kuwaangamiza: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, tengenezeni mkuki unaofika mbinguni. Hatimaye wakatoroka usiku. Walipofika kwenye maji, kiongozi wao, ambaye masimulizi mengi humwita Koomenjue, akayapiga kwa fimbo yake na maji yakagawanyika. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa weusi, njiru. Waliovuka alfajiri wakawa wekundu, ntune. Waliovuka jua limetoka wakawa weupe, njeru. Mpaka leo koo nyingi za Ameru hujipanga kwa rangi hizo tatu, na si rangi za ngozi.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa jina la wale mabwana. Nguo ni nguo, na ntune ni nyekundu.

Ng’ambo ya mto Thuci, unaotenganisha Embu na Tharaka Nithi, hadithi ni nyingine kabisa. Huko hakuna bahari wala utumwa. Waembu husimulia kuhusu Mwene Ndega, aliyekaa karibu na mahali palipo mji wa Runyenjes leo, akaoa mke aliyekutana naye penye maji, na kizazi chao kikaijaza nchi. Kichaka chake kingali kinaheshimiwa. Mwembu hakuja, alikuwapo.

Nililelewa karibu na mto huo na nakumbuka siku za soko. Mama wa upande mmoja alisema muntu na wa upande wa pili akasema mundu, lakini bei ya viazi walielewana bila shida. Watu wawili wanaoelewana namna hiyo, mmoja anajiita mhamiaji na mwenzake anajiita mzaliwa wa papo hapo! Ukiwapimia kwa kipimo cha “nani alitangulia kufika”, itabidi uwagawe hao mama wawili, mmoja umwite wa asili na mwingine umwite mgeni. Hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kuufikiria upuzi huo.

Hebu tulitazame jina Mwene Ndega. Mwene ndiyo mwenye yetu ya Kiswahili. Nasi tunapotaka kumtaja mtu wa mahali fulani tunasema mwenyeji, neno ambalo wataalamu hulifasiri kuwa mwenye mji. Tofauti kati ya mwenyeji na ‘mtu wa asili’ ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Asili tuliipata katika Kiarabu, na kule maana yake ni mzizi, shina, mahali kitu kilipoanzia, hutazama nyuma. Mwenyeji hutazama mahali na wajibu: ana mji, ana mgeni wa kumkaribisha, ana wazee wa kuwazika na mpaka wa kuulinda. Mtu anaweza kuwa mwenyeji bila kuwa wa kwanza kufika. Ameru na Waembu wenyewe husimulia kwamba kulikuwa na watu msituni kabla yao, wawindaji waliowaita Agumba na Umpua, na wala hawaoni kuwa kukiri hivyo kunawapunguzia wenyeji wao.

Mtu wa kwanza ninayemheshimu kwa kuyaandika masimulizi ya Mbwaa ni mchungaji wa Kimethodisti, Philip M’Inoti. Takriban mwaka 1930 aliandika mswada alioupa jina *Asili ya Wameru na Tabia Zao*. Msomaji, litazame tena jina hilo. Liko kwa Kiswahili, na mswada wenyewe uko kwa Kiswahili. Mmeru msomi, aliyekijua Kimeru tangu kwenye titi la mama, alipotaka kuueleza ulimwengu asili ya watu wake, hakutumia Kiingereza cha wamishonari wala hakubaki katika lugha ya nyumbani. Alichukua lugha ya pwani, ile ile pwani ambako mababu zake walisema waliponea chupuchupu.

Kwa nini? Baadhi ya wenzangu hudai kuwa ni kwa sababu shule za wakati ule zilifundisha Kiswahili na karani hakuwa na lugha nyingine ya kuandikia. Huenda. Lakini mimi naona zaidi ya hapo. Mtu huandika asili yake pale tu anapojua kuwa kuna mwingine anayeisoma. M’Inoti alikuwa akizungumza na Wakenya wenzake, pamoja na DC, kwa lugha ambayo wote wangeweza kuifikia. Kujieleza wewe ni nani ni mazungumzo na jirani. Si jambo la kujifungia chumbani na kujitazama kwenye kioo.

Wasomi waliofuata waliyashika masimulizi hayo kwa mikono tofauti. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru karibu na mwaka 1970, aliamini kuwa Mbwaa ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na kwamba kutoroka kulitukia takriban mwaka 1700. Wengine wametilia shaka: maji yaliyogawanyika kwa fimbo yananukia Musa na Farao, na M’Inoti alikuwa mtu wa Biblia. Naye Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Agikuyu ya mwaka 1974, aliyaweka makao ya kale ya baadhi ya watu wa mlimani huko huko Igembe na Tharaka, wakitawanyika kuelekea kusini. H. S. Kabeca Mwaniki alikusanya masimulizi ya Waembu na Wambeere na kuyachapisha mwaka 1973 na 1974, na huo ni utajiri ambao vijana wa Embu wangali hawajauchimba.

Mimi sitaamua hapa kama Manda ndiko au siko. Ninachojua ni kwamba watu waliokuwa wakisimulia kuhusu Mbwaa walikuwa na njia ya kujitambulisha kabla ya mzungu kufika: kwa ukoo, kwa rika, kwa kiapo. Kilichokuja baadaye ni ramani.

Jeshi la Waingereza liliipiga Embu mwaka 1906. Meru ilifikiwa miaka michache tu baada ya hapo, afisa Edward Horne alipojenga boma lake na wenyeji wakambandika jina la Kangangi. Kabla ya boma hilo, jina ‘Meru’ halikuwa na upana lilio nao sasa. Palikuwa na Igembe, Tigania, Imenti, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka. Kila mmoja alikuwa na baraza lake, vita vyake na wazee wake. Mpaka miaka ya 1930, Wachuka na Wamwimbi walisimamiwa kutoka Embu; kisha wino ukahama, nao wakawa wa Meru. Hawakuhama wao. Ulihama mstari. Mwaka 1963 mstari mwingine ulizitoa wilaya zote mbili katika Mkoa wa Kati na kuziingiza Mashariki. Mwaka 1971 wanasiasa wakaunda GEMA ili kuwarudisha Agikuyu, Waembu na Ameru chini ya mwavuli mmoja, hadi chama hicho kilipopigwa marufuku mwaka 1980. Mwaka 1992 Tharaka na Nithi zikamegwa kutoka Meru. Kizee aliyezaliwa Chuka mwaka 1925 na akaishi hadi uzeeni alibadilishiwa utambulisho wa kiserikali mara kadhaa bila kutoka kwenye shamba lake la ndizi.

Sasa tufike kwa Njuri Ncheke, maana hapa ndipo mambo yananoga. Leo ukitaja Meru, picha inayokuja ni ya wazee wenye fimbo na vyusha wakiwa Nchiru. Ndiyo sura rasmi ya jamii. Wengi wanaamini kuwa baraza hilo limetufikia bila kuguswa tangu enzi za Koomenjue. Njuri ni ya kale, sina shaka. Lakini Njuri hii tunayoiona ilipitia mikononi mwa DC. Katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, afisa H. E. Lambert aliyeitawala Meru aliona kuwa machifu aliowakuta hawakuwa na heshima yoyote mbele ya watu, kwa kuwa walikuwa wameteuliwa na serikali tu. Heshima ilikuwa kwa wazee. Basi akaiingiza Njuri katika utawala, akaipa nafasi katika mahakama na mabaraza ya wilaya. Wakristo, ambao hapo awali waliiona Njuri kama jambo la kishenzi, nao wakafunguliwa mlango kwa kiapo ambacho dini yao ingekikubali.

Lambert huyo ni nani? Hapa wapenzi wa Kiswahili watashtuka. Ndiye yule yule aliyechunguza lahaja za pwani na kuchapisha tafiti kuhusu Kivumba, Kijomvu, Kingare na Kichifundi mwaka 1957 na 1958. Wanafunzi wangu wa isimu wanamjua kwa lahaja, wale wa historia wanamjua kwa Njuri, na mara nyingi makundi haya mawili hayajui kuwa yanamzungumzia mtu mmoja. Nadhani tabia ya kazi zake mbili ni moja: alitaka kuipata ile ya asili, iliyo safi, kabla haijachanganyika. Shida ni kwamba lahaja ukiiandika unaiacha ikiendelea kusemwa, lakini baraza ukiliandikia kanuni unalibadilisha.

Na ukichagua msemaji mmoja unawanyamazisha wengine. Kule Meru kulikuwa na Mugwe, mtu wa baraka, ambaye uwezo wake ulikuwa katika mkono wa kushoto aliouficha. Padri Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu mwaka 1959, na katika anwani yake akamwita nabii anayefifia. Serikali haikuwa na kazi na nabii. Ilihitaji kamati. Kamati ikapata jengo. Mugwe akapata kitabu.

Walionyamazishwa zaidi ni wanawake. Mwaka 1956, katikati ya vita vya Mau Mau, Njuri Ncheke kwa kushirikiana na utawala wa kikoloni ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya nzima ya Meru. Wazee wa kiume walikuwa wametoa uamuzi kuhusu miili ya wasichana, wala hakuna msichana aliyeulizwa. Jibu lilikuja kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani na kukatana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeitafiti habari hiyo kwa kina, ameonyesha kuwa kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo.

Sitetei wembe, na sheria yetu ya mwaka 2011 iko wazi. Ninachotaka msomaji aone ni jinsi neno ‘mila’ lilivyovutwa huku na huku siku zile. Wazee walipiga marufuku kwa jina la mila, maana wao ndio Njuri. DC aliwaunga mkono kwa jina la mila, maana sheria ya mzungu peke yake isingetiiwa. Nao wasichana wakaasi kwa jina la mila, maana bila tohara wangebaki kuitwa watoto. Watu wa pande zote tatu walikuwa na hakika kuwa wao ndio wanaosimama na asili ya Ameru. Kila ninaposikia mzee wa leo akisema redioni “mila yetu inasema”, nawakumbuka wale wasichana, nami najiuliza ni nani hakualikwa kwenye kikao.

Tuelekee Mbeere, sehemu kavu ya chini ya Embu, ambako suala hili lilipimwa kwa ekari. Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi ya mwaka 1968 ilipofika huko, kila kipande kilitakiwa kiwe na mwenyewe anayejulikana. Maafisa wakauliza: ardhi hii ni ya ukoo gani, na mlifika lini? Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliyashuhudia yaliyofuata na kuyaandika katika kitabu cha mwaka 1985. Koo ambazo zilikuwa zimetawanyika na karibu kusahauliwa ziliamka ghafla. Zikachagua wenyeviti na waweka hazina, zikachanga pesa za kesi, zikatafuta wazee wenye kumbukumbu ya vizazi, na wengine wakaungana na koo za mbali ili wapate nguvu ya idadi. Nasaba ikawa hati ya kiwanja. Aliyekuwa na mzee fasaha alishinda. Mpangaji aliyekaribishwa na babu wa ukoo miaka mingi nyuma akajikuta mgeni upya, ingawa watoto wake walizaliwa hapo.

Kumbuka kwamba watu hawa hawa walikuwa na njia nyingine ya kuulizana. Kote katika nchi ya Ameru na majirani zao kulikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo kati ya koo au jamii nzima. Watu wa gichiaro hawamwagiani damu, wala mmoja hawezi kumnyima mwenziwe anachoomba, kwa hofu ya laana. Neno lenyewe latoka kwenye kitenzi ciara, kuzaa. Msomaji wa pwani ataifahamu sauti hiyo akikumbuka Kiswahili cha kale: vyaa ni kuzaa, na mavyaa ni mama mkwe. Vyaa na ciara ni mzizi mmoja wa Kibantu uliovaa matamshi mawili. Gichiaro, basi, ni kuzaliwa pamoja kwa watu ambao hawakuzaliwa pamoja. Mgeni alifanywa ndugu, na undugu huo ukarithiwa. Maafisa wa ardhi hawakuwa na safu ya kuandikia jambo kama hilo katika fomu zao.

Fomu nyingine tunaijua wote, ile ya sensa. Mwaka 2019 walihesabiwa Ameru karibu milioni 1.98, Waembu zaidi ya 404,000, Watharaka zaidi ya 218,000 na Wambeere zaidi ya 195,000. Mtu wa Nairobi akiziona takwimu hizo hudhani ni makabila manne yaliyojitenga tangu enzi za Nuhu. Mtu wa mlimani anajua kuwa Mtharaka mmoja aliweza kujiandikisha Mtharaka na kaka yake akajiandikisha Mmeru, na wote wakasema kweli. Lakini nani atamlaumu anayetaka kuhesabiwa kivyake? Nchi hii imeonyesha kuwa jina ni mali. Wamakonde waliishi Kwale miongo mingi bila vitambulisho mpaka walipotambuliwa mwaka 2016 na kuitwa kabila la 43. Mbeere na Tharaka, wanaokaa maeneo makavu, wamejifunza kuwa ukimezwa na jina kubwa, barabara na maji huishia kwa wenye jina.

Lugha nayo ina ukubwa na udogo wake. Kimeru kilichoandikwa kwenye vitabu vya shule na vya kanisa kwa miaka mingi ni Kiimenti kwa sehemu kubwa. Mtoto wa Chuka au wa Tharaka alipoambiwa “soma lugha yako ya mama”, alipewa lugha ya shangazi. Watharaka waliamua kushughulika, wakapata maandishi yao na Agano Jipya lao mwanzoni mwa karne hii. Siku hizi stesheni kama Muuga na Wimwaro zinatangaza kwa Kimeru na Kiembu, na pale simu za wasikilizaji zinapoingia, lahaja zote huchanganyikana hewani bila kuomba ruhusa. Napenda kusikiliza simu hizo kuliko hotuba yoyote ya siku ya utamaduni.

Maana siku ya utamaduni tunaijua. Kila msimu wa kampeni mwanasiasa huvishwa ngozi, hukabidhiwa fimbo na kyusha, na picha inasambaa kabla hajafika nyumbani. Makundi ya wazee yamewahi kugombana hadharani juu ya nani msemaji halali wa Njuri. Mavazi hayo si ya uongo. Ila yamefanywa kuwa sare, na sare huvaliwa na yeyote aliyepewa. Hata jumba la makumbusho la Meru, lililofunguliwa mwaka 1974 na ambalo nawapeleka wanafunzi kila nipatapo nafasi, liko ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya DC. Mtoto anayetaka kuiona nyumba ya babu yake hana budi kupitia mlango wa Bwana DC.

Mfano wa karibuni zaidi haukutoka makumbusho. Ulitoka sokoni. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, ile miraa ya majani inayolimwa Mbeere, zikisema inawaharibu vijana. Wakulima wa Embu wakaenda mahakamani na amri ikasimamishwa kwa muda. Katika mabishano hayo nilisikia hoja mbili zikipishana. Wakili alizungumza juu ya kanuni za miraa za mwaka 2023, ambazo zinautambua mmea huo kama zao halali. Mkulima alizungumza juu ya babu yake. Kule Igembe, kitita cha miraa kinachoitwa ncoolo hupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa. Bila hicho mazungumzo hayaanzi. Mbeere wamejenga juu ya muguka heshima kama hiyo, na karo za shule vilevile. Sisemi kuwa mzazi wa Likoni anayemlilia mwanawe hana haki, anayo. Lakini tazama jinsi kesi ya biashara na afya ilivyogeuka upesi kuwa kesi ya “sisi ni nani”, na kati ya nani na nani? Kati ya pwani na mlima, kama enzi za Nguo Ntune.

Nje kidogo ya mpaka wa Meru, upande wa Laikipia, wako Wayaaku wa msitu wa Mukogodo. Wao wanaingia katika tafsiri ya Katiba bila taabu: walikuwa wawindaji na warina asali. Lakini lugha yao waliiacha katika karne iliyopita wakashika Kimaa, na wanaoijua leo ni wa kuhesabika. Kwao fumbo letu la mwanzo limepinduliwa: mwili ni wa asili, kinywa kimehama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika ripoti ya wataalamu wake iliyokubaliwa mwaka 2003, ilikwisha kusema kwamba barani Afrika suala si nani alifika kwanza, bali ni nani anajitambua hivyo na ametengwa kwa sababu hiyo. Waendorois na Waogiek walisimama juu ya hoja za aina hiyo wakashinda, mwaka 2010 na 2017. Kushinda na kurudishiwa ardhi ni mambo mawili, lakini hayo ni ya wiki nyingine.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu aliyeuliza. Nilimwambia aanze kwa kumsoma M’Inoti. Akaenda maktaba, akarudi mikono mitupu. Mswada wa *Asili ya Wameru na Tabia Zao* watu wengi huukuta kwenye tanbihi za vitabu vya Kiingereza, ukinukuliwa na wageni. Kazi ya Mchungaji iliyoandikwa kwa Kiswahili ili Wakenya waisome, Wakenya wanaipata kwa kuichungulia kupitia lugha ya tatu. Kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu zina wizara za utamaduni, zina bajeti za sherehe na za mavazi ya sherehe. Gharama ya kuuchapa mswada mmoja, pamoja na masimulizi aliyoyakusanya Mwaniki yakiwa kwa Kiembu na Kiswahili, haifiki ya mahema ya siku moja. Waanze na nakala elfu moja, wazigawe katika shule za pande zote mbili za mto Thuci.